Barua ya Tisa

Kila Jumanne saa saba na nusu mchana Gaudiose alipanda ngazi hadi ghorofa ya tatu ya jengo moja karibu na Odenplan, Stockholm, akafungua mlango kwa ufunguo wa kazini, akavua viatu na kusema kwa sauti, "Ni mimi." Kutoka chumba cha ndani Mzee Filip alijibu, "Usiguse meza." Hapo kazi ilikuwa imeanza. Gaudiose alibadilisha shuka, akapasha moto supu ya njegere, akapanga vidonge katika kisanduku chenye vyumba saba, akapiga deki jikoni na kwenye korido. Meza hakuigusa.

Juu ya meza kulikuwa na barua za India. Mzee Filip hakuwahi kufika India. Alikuwa mwalimu wa jiografia mpaka alipostaafu, na kwa miaka arobaini alikuwa akikusanya barua zilizotumwa huko wakati wa Waingereza, kabla stempu za kubandika hazijaanza. Siku hizo hata bahasha haikutumika. Karatasi ilikunjwa, ikafungwa kwa lakiri, anwani ikaandikwa mgongoni mwake, kisha karani wa posta akaigonga muhuri wenye jina la mji. Muhuri mwekundu ulimaanisha mwandishi amekwisha kulipa. Mweusi ulimaanisha bado, atalipa mpokeaji.

Mihuri hiyo ndiyo aliyoipenda Mzee Filip. Kila barua aliiweka kwenye ukurasa mweusi wa albamu, akaishika kwa vikona vinne vya plastiki, muhuri ukitazama juu na maneno yakitazama chini.

"Humo ndani wanasemaje?" Gaudiose alimuuliza siku moja.

"Hiyo si fani yangu," alisema Mzee Filip.

Barua moja ilikuwa na albamu yake peke yake. Ilitoka mji mdogo wa Bengal, na juu yake karani alikuwa amegonga muhuri mweusi wa kusema mpokeaji hakupatikana. Mzee Filip alimwita Gaudiose akamshikisha kioo cha kukuzia ili naye aone.

"Barua iliyofika ni kitu cha kawaida," alimweleza. "Zilifika maelfu kwa maelfu. Iliyoshindwa kufika ndiyo adimu. Ningeambiwa nichague moja tu ya kuokoa nyumba ikiungua, ni hii."

Gaudiose alirudisha kioo mezani kwa uangalifu, akaenda kusugua choo ambacho alikuwa amekwisha kukisugua.

Saa tisa alikuja mpeleka barua wa India ya zama hizo. Mwezi wa Novemba saa hiyo giza linaanza kuingia, na kengele zake zilisikika tangu mlango wa chini. Alikuwa mtu mwembamba, miguu mitupu, kitambaa kiunoni, mfuko wa ngozi begani, na mkononi mkuki mfupi uliofungwa kengele za kufukuzia nyoka. Alipanda ngazi mbio kama kawaida yake, akasimama juu ya zulia dogo la mlangoni, akihema.

"Nimekuja kuchukua ile barua ya Bengal," alisema kwa lugha yake. "Mwenyewe nimempata. Alikuwa amehama tu."

"Ngoja nimuulize mzee," Gaudiose alimjibu kwa Kiswahili, nao wakaelewana.

Mzee Filip hakuinua macho. "Yule wa kengele tena? Mwambie mkusanyo hauvunjwi."

Gaudiose alipeleka jibu pamoja na bilauri ya maji. Mpeleka barua alikunywa wima, akashukuru, akasema atapita Jumanne. Nyuma yake, kuanzia ghorofa ya tatu hadi barabarani, zilibaki nyayo za udongo mwekundu. Gaudiose alizifuta zote, ngazi moja moja, kwa sababu katika chumba cha kufulia nguo mtu alikuwa amebandika tangazo: *Anayeleta udongo kwenye ngazi aufute mwenyewe. Tunaishi wengi hapa.* Kwenye fomu ya kazi, mahali pa matukio mengine, aliandika kwamba mteja hutembelewa na mpeleka barua. Msimamizi alimjibu kwamba wageni wa mteja si shughuli ya ofisi, ila muda wa kufuta ngazi hauhesabiwi.

Fomu hiyo aliijaza kwa mkono wake mwenyewe, na hilo lilikuwa jambo jipya. Gaudiose alijifunza kusoma akiwa na miaka arobaini na minane. Jumatatu na Alhamisi jioni, kwa miaka miwili, alikaa kwenye dawati katika shule moja ya Botkyrka mbele ya mwalimu aliyeitwa Nora, akiomba kimya kabla ya kila mstari: Ee Bwana, nifungulie na huu. Bwana alimfungulia. Mwezi wa Oktoba mwaka 2009 Nora alimwambia, "Sasa soma chochote unachotaka." Gaudiose alirudi nyumbani Alby, akafunga mlango wa chumba cha kulala, akatoa kutoka kwenye pindo la koti kuukuu barua ya tisa.

Alikuwa amekaa nayo miaka minane. Mwaka 2001, alipopata nafasi ya kuondoka kambi ya wakimbizi upande wa Kibondo na binti yake Ariane, watu walimletea barua za mkononi kama ilivyo desturi. Mtu anayesafiri ni posta ya wote. Barua ya mkononi haifungwi kwa gundi, kwa kuwa kuifunga ni kumwambia mbebaji kwamba humwamini. Walimletea tisa. Hakuwaambia kwamba hajui kusoma. Alikuwa kiongozi wa akina mama katika maombi, na kila ibada alishika kitabu cha nyimbo kikiwa wazi mbele yake, akigeuza kurasa wengine wanapogeuza. Ili asichanganye, kila barua aliifunga uzi wa rangi yake: mwekundu wa huyu, kijani wa yule. Barua ya Perpétue kwa mumewe aliifunga uzi mweupe. Kabla ya safari mkaguzi alifungua mizigo, akazikata nyuzi zote tisa, akazitupa.

Stockholm watu wanane walikuja wenyewe kuulizia. Gaudiose alizitandaza barua kitandani akasema, "Kila mtu achukue yake." Wakamsifu kwa uaminifu wake. Moja ilibaki. Wakati huo mwenye barua hiyo alikuwa akiishi kaskazini, mbali sana. Mwaka 2003 alipata kazi kwenye kiwanda cha malori Södertälje, akaanza kuja kanisani. Jumapili yake ya kwanza alimsimamisha Gaudiose mlangoni, mbele ya kwaya nzima.

"Dada, mimi ni Bonaventure. Nasikia ulikuwa kambi moja na Perpétue wangu. Hakukupa kitu?"

Gaudiose alijua kwamba barua iliyobaki lazima ni ya huyu. Lakini ili kuwa na hakika ingebidi mtu amsomee lile jina la juu, na wale waimbaji walikuwa wamesimama pale, wamemwona miaka miwili akigeuza kurasa.

"Hapana," alisema. "Hakunipa."

Kwa hiyo usiku na mchana wa miaka sita neno hilo lilikaa mahali pake. Sasa, mlango ukiwa umefungwa, alisoma. Barua ilikuwa ya Kirundi, lugha yake ya nyumbani ambayo hakuna aliyemfundisha kuisoma, lakini herufi ni zilezile. Juu iliandikwa Bonaventure. Ndani Perpétue alisema kwamba ni mzima, kwamba goti limepona, kwamba watu wanaongea mengi kuhusu wanaume walio Ulaya lakini yeye anataka kusikia kutoka kwake. *Nitasubiri jibu lako mpaka Pasaka. Ukinyamaza nitajua una nyumba nyingine, nami sitakusumbua. Nitarudi Burundi pamoja na wanaorudi.* Kila mtu kanisani alijua yaliyofuata, maana Bonaventure aliyasimulia mara nyingi. Baada ya Pasaka ya mwaka 2002 Perpétue alipanda lori la wanaorudi, na hakuna aliyesikia tena habari zake.

Gaudiose aliikunja barua, akairudisha kwenye pindo, akapiga magoti. Ee Bwana, usinitazame leo, aliomba.

Kanisa lao lilikusanyika Jumapili alasiri katika ukumbi wa Waswidi, wenye ukumbi wakishamaliza ibada yao na kahawa yao. Wakati wa maombi, Bonaventure alisimama kama alivyosimama kila Jumapili tangu afike. Kiti cha kando yake alikiwekea kofia, kisikaliwe.

"Ndugu zangu, ombi langu ni lilelile. Mniombee neno moja tu kutoka kwa Perpétue. Hata likiwa baya, nitalipokea."

"Amina," kanisa lilisema, na sauti ya Gaudiose ilikuwa ndani yake.

Kesho yake asubuhi, akifungua bomba anawe, aliona muhuri kwenye mkono wake wa kushoto, juu kidogo ya kifundo. Ulikuwa wa umbo la yai, mweusi, mistari imekolea. Aliusugua kwa sabuni, kisha kwa dawa ya kusugulia sufuria. Jumatatu iliyofuata palikuwa na wa pili juu ya ule wa kwanza, kisha wa tatu. Miaka ile aliyokuwa hajui kusoma, mihuri haikumjia. Ilianza alipoishiwa na kisingizio. Ariane, ambaye sasa alikuwa na miaka kumi na sita na humjibu mama yake kwa Kiswidi, aliitazama akiwa anapaka siagi mkate.

"Mama, imekaa mistari. Ni wino wa posta," alisema, akaenda shule.

Hadi Februari ilikuwa imepita kiwiko, imepanda bega, na mmoja ulikuwa shingoni. Gaudiose alivaa skafu. Josephine, Mkenya wa sauti ya kwanza kwenye kwaya, aliivuta ile skafu wakiwa jikoni mwa ukumbi.

"Mama Ariane! Kumbe ni mihuri. Mimi nilidhani umegombana na mtu. Ikifika puani tutakutia kwenye sanduku la posta la manjano, ukafike Mombasa bure."

"Niache, wewe."

"Hata shangazi yangu alikuwa nayo mgongoni. Alikaa na ng'ombe wa watu miaka sita."

"Ikamtoka?"

"Nani, shangazi? Tulimzika nayo." Josephine alimrudishia skafu vizuri shingoni, akachukua trei ya maandazi, akatoka.

Mzee Filip aliigundua Jumanne moja Gaudiose alipokunja mikono ya blauzi ili kuosha bafu. Alimshika kifundo kwa upole asiouonyesha kwa kitu kingine isipokuwa karatasi, akamvuta mpaka penye taa, akainamia na kioo chake. Alikaa hivyo muda mrefu. Gaudiose alisikia pumzi yake ikibadilika.

"Alby," alisoma. "Tarehe ziko wazi kabisa, wiki kwa wiki. Na hapa chini: *haijafikishwa*. Gaudiose, mfululizo kama huu sijawahi kuuona. Barua yenyewe iko wapi?"

"Nyumbani."

"Ilete."

Aliileta Jumanne iliyofuata. Juu yake, pembeni mwa jina la Bonaventure, muhuri ulikuwa umejitokeza pia, safi kuliko ile ya mkononi. Mzee Filip aliipokea kwa kibano. Hakuuliza ni ya nani.

"Hapa itakuwa salama," alisema. "Nitaiweka maneno yakitazama chini. Hakuna atakayeisoma. Mimi nikifa, albamu zote zitakwenda makumbusho, na huko hawafungui."

Hakuna atakayeisoma. Gaudiose alisikia maneno hayo yakimshuka kifuani kama uji wa moto kwa mtu mwenye baridi. "Asante Mungu," alisema kwa sauti, na papo hapo akaona haya kwamba amemtaja. Lakini barua aliiacha. Mzee Filip aliikatia ukurasa mpya mweusi na kuibana kwa vikona vinne, kando kabisa ya ile ya Bengal. Jumapili hiyo Bonaventure aliposimama na ombi lake, Gaudiose alisema amina kwa wepesi wa mtu asiye na kitu mfukoni.

Jumatatu mihuri mipya ilikuwa miwili.

Jumanne saa tisa kengele zililia. Ilikuwa Machi, jua bado kali kwenye theluji inayoyeyuka, na mpeleka barua alikuja vilevile.

"Leo kuna barua mbili," alisema.

Gaudiose alikwenda kuuliza. "Mkusanyo hauvunjwi," alisema Mzee Filip.

"Hata yangu?"

"Umeitoa, nami nimekwisha kuiandika kwenye orodha. Nambari mia nne na kumi na mbili."

Alirudi mlangoni. Alimkabidhi mpeleka barua bilauri ya maji. "Amekataa," alisema. "Lakini wewe una mbio, unajua njia zote. Nikikupa ile ya pili, utanipelekea? Ni hapa Södertälje tu. Utamwachia mlangoni, usiseme imetoka kwa nani."

Mpeleka barua alimtazama mkono, kutoka kifundoni hadi mahali blauzi ilipoanzia. Aliisoma mihuri yote bila haraka, kama mtu anayesoma barua ya kazi.

"Ile siwezi kuibeba," alisema. "Ilikabidhiwa mkononi mwako. Barua iliyo mkononi mwa mwenzangu mimi siishiki. Nilikuja kukukumbusha tu."

Mwenzangu. Angemtukana ingekuwa afadhali. Mtu huyu alikuwa amekimbia miaka mia na sabini kwa miguu mitupu kwa ajili ya barua moja, naye anamwita mwenzake.

Gaudiose aliingia chumba cha ndani akaigusa meza.

"Usiguse meza," alisema Mzee Filip.

Aliifungua albamu. Barua mbili zilikuwa zimelala ukurasa kwa ukurasa. Nyuma yake mpeleka barua alikuwa amesogea hadi mlango wa chumba, mara ya kwanza kuvuka zulia, na kengele zake zilikuwa zimenyamaza kabisa. Gaudiose alijua anachokitazama. Alijua pia kwamba Mzee Filip ana miaka themanini na sita na hawezi kusimama bila msaada, na kwamba yeye angeweza kuchukua zote mbili. Alifikiria ofisi, alifikiria ufunguo wa kazini, alifikiria kodi ya nyumba ya Alby. Mikono alikuwa nayo miwili. Alitumia mmoja.

"Umeng'oa vikona," alisema Mzee Filip. "Vya aina hii siku hizi hawatengenezi."

Mpeleka barua alirudi kwenye zulia. "Jumanne, basi," alisema.

Jumapili, baada ya ibada, Bonaventure alikuwa jikoni mwa ukumbi akikausha vikombe. Kazi hiyo aliipenda. Alisema inaipa mikono kitu cha kufanya. Gaudiose alingoja mpaka Josephine alipotoka na beseni.

"Ndugu Bonaventure, nina kitu chako."

Alikitoa. Bonaventure alilitazama jina lake, akautambua mwandiko. Alifuta mikono kwenye taulo, kisha akaifuta tena kwenye suruali, kama mtu anayetaka kupewa mtoto mchanga. Alisoma akiwa amesimama. Alipomaliza alianza upya kutoka juu.

"Pasaka ipi?" aliuliza.

"Ya elfu mbili na mbili."

"Alikupa wewe."

"Alinipa mimi. Mkononi."

"Mimi nilikuuliza. Pale mlangoni, siku ya kwanza."

"Uliniuliza."

"Ukasema hapana."

"Nilisema hapana. Nilikuwa sijui kusoma, Bonaventure. Barua moja ilikuwa imebaki, sikuweza kusoma jina lake, na watu walikuwa pale. Niliona haya."

Bonaventure aliikunja barua kwa mikunjo yake ya zamani. Hakupandisha sauti. Usoni alionekana kama mtu aliyeulizwa swali rahisi mno.

"Mimi ningekusomea," alisema. "Ungenipa tu, Mama Ariane, ningekusomea mwenyewe. Ilikuwa yangu."

Gaudiose alitaka kupiga magoti, lakini sakafu ilikuwa na maji na jikoni palikuwa padogo. "Yupo mtu," alisema, "anakuja pale kazini kwangu kila Jumanne. Ana mbio. Anaweza kutafuta mahali popote. Kama unataka kujibu."

Bonaventure aliitia barua mfukoni. Alikausha vikombe vilivyobaki, vyote, akavipanga kabatini, vishikio vikielekea upande mmoja kama wenye ukumbi wanavyotaka. Kisha akavaa koti akaenda kuwahi treni ya Södertälje.

Usiku huo Gaudiose aliomba mihuri igeuke myekundu. Hakuomba itoke. Aliomba rangi tu, iwe kama ile ya barua zilizokwisha kulipiwa, maana aliamini, na bado anaamini, kwamba iko damu iliyolipa. Asubuhi mipya haikuwapo. Ya zamani ilikuwa myeusi kama jana.

Jumapili ya Pasaka Bonaventure hakusimama wakati wa maombi. Watu waligeuka kumtazama, mchungaji akangoja kidogo, kisha akaendelea. Kofia ilikuwa bado juu ya kiti cha pili. Mwisho wa ibada alimfuata Gaudiose kwenye ngazi za nje, mahali alipokuwa peke yake, akampa barua.

"Ya yule mtu wako wa Jumanne," alisema. "Mwambie sijui aliko. Aanzie kambini, aulize."

"Nitamwambia."

Bonaventure aliitikia kwa kichwa, akaondoka. Gaudiose aliitazama barua mkononi mwake. Ilikuwa ndani ya bahasha. Bahasha ilikuwa imefungwa kwa gundi, na juu ya gundi ilibandikwa gamutepu mara mbili, kwa urefu na kwa upana.

Jumanne saa saba na nusu alipanda ngazi, akafungua mlango, akavua viatu. "Ni mimi," alisema. "Usiguse meza," alijibu Mzee Filip. Saa tisa mpeleka barua alifika akaulizia ile ya Bengal, na Gaudiose akaenda kuuliza, na akarudi na jibu lilelile na maji. Hakumtazama machoni alipomwambia. Kisha akatoa bahasha ya Bonaventure na kueleza pa kuanzia. Mpeleka barua aliipokea kwa mikono miwili. Kidole chake kilipita juu ya gamutepu, kwa urefu, kisha kwa upana.

"Hii ilikuja mkononi?" aliuliza.

"Mkononi."

"Imefungwa."

"Ndiyo," alisema Gaudiose. "Imefungwa."

Mpeleka barua aliitia mfukoni, akashuka ngazi mbio. Gaudiose alisimama mpaka kengele zilipoacha kusikika upande wa barabara. Halafu akajaza ndoo, akakunja mikono ya blauzi mpaka mabegani, kwa kuwa hakukuwa na wa kumficha tena, akaanza kufuta udongo mwekundu kutoka juu kwenda chini, ngazi moja moja.